Mke wangu huchukua vitu asivyovihitaji: ni ugonjwa au ni tabia?

*Daktari, assalaam aleikum. Naandika kutoka Tanga mjini. Nina miaka 41, mke wangu 34, tuna watoto watatu. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, yeye ni fundi cherehani mwenye wateja wake, kwa hiyo njaa kwetu haipo. Miezi miwili iliyopita, kwenye shughuli ya harusi Makorora, alikutwa na vijiko vya mwenye nyumba na kichupa cha manukato ndani ya mkoba. Wazee wakalimaliza kimya kimya. Niliporudi nyumbani nikafungua sanduku lililo juu ya kabati. Nimekuta vikombe vya kahawa, rimoti isiyo yetu, vitana, kufuli zisizo na funguo, kiatu kimoja cha mtoto, vitu vingine bado vina bei ya dukani. Nimekuta pia bangili ya jirani yetu, ile ambayo mwaka juzi mtaani kwetu ilisomewa halbadiri, kisomo cha kumlaani aliyeiba. Mke wangu alikuwepo siku ile, akaitikia amina kama wengine. Mwaka jana tulimfukuza msichana wa kazi kwa sababu ya vitu vilivyokuwa vikipotea humu ndani.*

*Amelia usiku kucha. Anasema ameanza tangu yuko shule, hajui kwa nini, na akishachukua hataki hata kukitazama. Kinachonichanganya ni kwamba Ramadhani nzima hakuchukua kitu, Idi ilipopita akarudia. Kama ni ugonjwa, unaujuaje mwezi mtukufu? Mama yangu anasema ni jini, na ameshatoa hela kwa mganga wa Pangani. Kaka yangu anasema nimpe talaka kabla hajatuvunjia heshima. Je, kuna ugonjwa kama huu kweli? Unatibika? Watoto wangu watarithi?*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza maswali mengi, lakini naona moja limeyabeba yote: huyu mwanamke niliyezaa naye watoto watatu, ni mwizi au ni mgonjwa? Nitakueleza ninavyoelewa kutokana na uliyoandika. Ila ujue mapema kwamba sijakaa naye, na ugonjwa huu hautambuliwi kwa barua. Nikisema "inaelekea", nina maana hiyo hiyo.

Ugonjwa upo. Unaitwa kleptomania, na umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu mwaka 2022, katika kundi la magonjwa ya kushindwa kuzuia msukumo. Wala si jambo lililozuka juzi. Mwaka 1816 daktari Mswisi, André Matthey, aliandika kuhusu watu wenye uwezo wao wanaoiba vitu visivyo na faida kwao, na mwaka 1838 madaktari wa Ufaransa, Esquirol na Marc, wakaupa jina linalotumika hadi leo.

Baada ya hapo ilitokea dhuluma moja ambayo naitaja kwa sababu inagusa nyumba yako. Maduka makubwa yalipofunguliwa Paris katika karne ya 19, mama wa kitajiri akikamatwa na kitambaa chini ya koti huitiwa daktari. Mama maskini akikamatwa na kitambaa kile kile huitiwa polisi. Jina la ugonjwa likageuka kuwa hifadhi ya wenye nacho. Kwa hiyo anayesikia habari hizi akauliza, "Kwani maskini akiiba anaitwa mwizi, tajiri akiiba anaitwa mgonjwa?", ana haki ya kuuliza. Nitalirudia hili nikifika kwa yule msichana wa kazi.

Sisi tunautambuaje? Tunatazama mambo kadhaa kwa pamoja. Mtu hushindwa mara kwa mara kuuzuia msukumo wa kuchukua vitu ambavyo havihitaji wala havichukui kwa ajili ya thamani yake. Kabla ya kuchukua hubanwa na hali ya wasiwasi inayozidi kupanda: moyo unakwenda mbio, mikono inatoka jasho, akili yote inakwama kwenye kile kitu. Anapokichukua hupata nafuu ya ghafla, pengine na raha. Hafanyi hivyo kwa kulipiza kisasi wala kwa hasira. Hajasikia sauti inayomwamuru. Na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi. Kwa kawaida huwa peke yake, hapangi kabla, na hana mshirika. Vitu huishia kufichwa, kutupwa, kugawiwa, au kurudishwa kwa siri. Mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe, na wanaofika hospitali wengi ni wanawake, kama watatu kwa kila mwanamume mmoja.

Sasa tazama sanduku lako. Kufuli bila funguo. Kiatu kimoja. Bangili ambayo angeweza kuiuza kwa sonara wiki ile ile, lakini hakuiuza wala hakuivaa. Hilo sanduku kwangu lina uzito kuliko maneno yoyote, kwa sababu anayeiba kwa tamaa huiba kinachouzika na hakiweki juu ya kabati miaka miwili. Ongeza kwamba alianza akiwa mwanafunzi na kwamba hataki kukitazama alichochukua. Inaelekea kabisa kuwa ni kleptomania.

Hata hivyo, naomba usilichukue jina hili ukaligawa mtaani. Ugonjwa huu ni wa nadra: makadirio yanayotumika ni watu 3 hadi 6 katika kila 1,000. Hata miongoni mwa wanaokamatwa wakiiba madukani, wenye ugonjwa huu wanakadiriwa kuwa kati ya 4 na 24 kwa kila 100. Waliobaki wameiba kwa shida, kwa tamaa, kwa kushawishiwa na wenzao, kwa ajili ya dawa za kulevya, au kwa mazoea tu. Tena yapo maradhi mengine yanayoweza kumfanya mtu achukue visivyo vyake. Mtu aliyepandwa na wazimu wa furaha iliyopitiliza, halali, anaongea bila kituo, anatumia fedha hovyo, anaweza kuchukua vitu akidhani vyote ni vyake. Mzee ambaye maisha yake yote alikuwa mwaminifu, akianza udokozi akiwa na miaka 60, tunachunguza ubongo kwanza, maana kuna aina ya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo. Zipo pia dawa za ugonjwa wa Parkinson zinazoweza kuamsha misukumo ya namna hii. Mkeo ana miaka 34 na alianza utotoni, kwa hiyo hayo siyapi nafasi kubwa, lakini daktari atakayemwona lazima ayaulize.

Nije kwenye lile linalokusumbua zaidi: inawezekanaje mtu mzima mwenye akili zake, anayeswali, anayepima nguo za watu na kurudisha chenji sawasawa, ashindwe kuuzuia mkono wake?

Fikiria muwasho wa upele. Hujauomba. Ukijizuia unazidi. Ukijikuna unapata raha ya kweli, ya sekunde chache, kisha ngozi inachubuka na muwasho unarudi mkali zaidi. Ubongo wa mwenye kleptomania umejifunza kitu cha namna hiyo. Wasiwasi unapanda, anachukua kijiko, wasiwasi unashuka papo hapo. Ule mshuko ndio mwalimu. Kila ukitokea, ubongo unaandika: hii ndiyo dawa ya dhiki yangu. Kemikali za ubongo zinazohusika na hamu na raha, ikiwemo dopamini na zile za jamii ya afyuni ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, zinashiriki hapa, na sehemu ya mbele ya ubongo inayopaswa kusema "ngoja" inazidiwa katika dakika hizo. Kijiko chenyewe hakina maana yoyote. Angeweza kuchukua kizibo cha soda akapata nafuu ile ile, na ndiyo sababu mnapomuuliza "Ulitaka kijiko cha nini?" hana jibu. Anasema hajui, na anasema kweli.

Halafu inakuja aibu, na hapa nataka twende taratibu, kwa sababu familia nyingi huharibu mambo hapa hapa zikidhani zinatengeneza. Aibu haifanyi kazi ya kuzuia. Aibu ni dhiki, na dhiki ndiyo inayoamsha msukumo. Mtu akitukanwa, akaapishwa mbele ya ukoo, akapekuliwa mkoba kila anapotoka, anaishi siku nzima ndani ya wasiwasi, na ubongo wake unajua njia moja tu ya haraka ya kuupunguza. Kwa hiyo anachukua tena. Familia inasema, "Huyu hasikii!" na kuongeza adhabu, na mzunguko unakaza. Kumbuka ile halbadiri. Sisi watu wa pwani tunajua uzito wake. Wapo wanaorudisha mali usiku kabla hata kisomo hakijaanza. Mkeo aliketi pale, anajua bangili iko wapi, anaamini kwamba akiitikia amina anajiombea maangamizi mwenyewe, na bado hakuweza kusimama akasema. Wewe umelisoma hilo kama ujasiri wa mwizi. Mimi nalisoma kama kipimo cha hofu aliyoishi nayo miaka miwili akiwa karibu yako, akisubiri kufa.

Sasa Ramadhani. Swali lako ni zuri, na wengi hulitumia kuhukumu: kama alijizuia siku 30, basi akitaka anaweza. Ugonjwa huu una tabia ya kuja na kuondoka. Wapo wanaopata vipindi vifupi vyenye mapumziko marefu, wapo wenye vipindi virefu vyenye nafuu katikati, na wapo ambao hauwaachi kabisa, unapanda na kushuka tu. Kisha tazama Ramadhani ilivyo nyumbani kwako. Mchana watu wamefunga, shughuli za harusi zimesimama, jioni yuko jikoni na wanawake wenzake, usiku kuna tarawehe, daku ikaja. Muda wake wote umepangwa, mara chache yuko peke yake, na madukani haendi ovyo. Vichochezi vimepungua, na moyo umetulia kwa ibada. Idi ikaisha, harusi zikarudi kwa fujo, wateja wanataka nguo zao leo leo, usingizi haba, na mkoba umerudi begani. Kwa daktari habari hii ni njema sana. Inatuonyesha mazingira ambayo msukumo wake hupoa, na matibabu yataanzia hapo.

Kuhusu jini. Sitagombana na mama yako, na nakuomba usigombane naye. Dua na Kurani vikimtuliza mkeo, aendelee navyo. Sijaona mgonjwa aliyedhuriwa na kuombewa kwa upole. Ninachokipinga ni mganga anayempiga, anayemfukiza moshi mpaka azimie, anayedai mbuzi baada ya mbuzi, na hasa anayemkataza kwenda hospitali. Akisema maneno hayo, mwondoe mkeo hapo siku hiyo hiyo. Mama mwambie hivi: dua tunaendelea nayo, na hospitali tunakwenda, kama tulivyofanya alipougua malaria.

Yule msichana wa kazi hukuniuliza habari zake, umemtaja kwa mstari mmoja ukapita. Mimi siwezi kupita. Ameondoka kwenu na jina la mwizi, na katika mitaa yetu jina hilo linatangulia mbele ya mtu kila anapobisha hodi kutafuta kazi. Ugonjwa wa mkeo unaeleza vitu vilikwenda wapi; haumrudishii huyo binti kazi wala heshima. Mtafute. Kama mlibakiza mshahara wake, mlipe, na umwongezee. Nenda kwao na mtu mzima mnayeheshimiana naye, useme mbele ya wazazi wake kwamba vitu vimeonekana na yeye hakuhusika. Si lazima ueleze siri ya mkeo. Maneno "tumekosea, mtoto wenu hakuiba" yanatosha. Kama alipatikana kupitia jirani au dalali, basi na huyo aambiwe. Na ukiweza, mkeo ashiriki kwa namna atakayoimudu, hata kama ni kumshonea gauni akalipeleka kwa mkono wake. Hakuna kitu kitakachomsaidia kupona huku anajua mwingine amebeba mzigo wake.

Vitu vilivyo kwenye sanduku navyo virudishwe, lakini kwa akili. Usimwambie mkeo azunguke mlango kwa mlango akikiri. Unaijua Tanga na unaujua mji wowote wa nchi hii: likipigwa yowe la "mwizi!" watu hawaulizi cheti cha daktari. Wameuawa watu kwa kuku. Bangili ipelekwe na mzee anayeaminika, kwa mwenyewe, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Vya dukani, lipa bei yake au virudishe kupitia mtu. Visivyojulikana wenyewe, kaeni na sheikh wenu awaongoze namna ya kuvitoa. Kabla ya kurudisha chenye thamani kubwa, zungumza na wakili, maana mimi si mwanasheria. Ninachokijua ni kwamba wizi kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, unaweza kumfunga mtu hadi miaka 7. Kifungu cha 13 kina utetezi wa ugonjwa wa akili, lakini mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuuthibitisha, na mwenye kleptomania kwa kawaida anajua anachofanya na anajua ni kosa. Usijenge matumaini yako hapo. Ugonjwa ni wa kweli, na wajibu wa kurudisha cha mtu nao ni wa kweli.

Je, unatibika? Hali hii inaweza kutulia, na watu wengi hufika mahali ambapo msukumo ni mdogo na wanaumudu. Sitakuahidi kwamba utafutika kama vidonda vya tumbo vinavyofutika.

Msingi wa tiba ni mazungumzo, na simaanishi nasaha za "acha hiyo tabia". Kuna tiba ya fikra na tabia inayofanywa na mwanasaikolojia au daktari wa akili aliyeisomea. Anachora na mgonjwa njia nzima ya msukumo: ulikuwa wapi, saa ngapi, umekula, umelala, nani alikuudhi, ulijiambia nini sekunde ile kabla hujanyoosha mkono. Kuna zoezi la kufumba macho na kujiona yuko dukani, anakishika kitu, kisha anaendelea kuiona picha mpaka mwisho wake mchungu: mwenye duka anapiga kelele, watu wanajaa, watoto wanasikia. Lipo jingine ambalo anajiona akiachia kitu na kuondoka mwili ukiwa umelegea. Anajifunza pia kuusubiri msukumo, kwa sababu msukumo hauna nguvu ya kudumu. Hupanda, hufika kileleni, hushuka wenyewe, mara nyingi kabla nusu saa haijaisha, lakini mtu ambaye kila mara ameukata kwa kuiba hajawahi kuliona hilo kwa macho yake. Siku atakapoliona mara ya kwanza mtaliona wote usoni pake. Mazoezi haya yafanywe na mtaalamu. Ukiyafanya wewe nyumbani yatageuka vitisho.

Dawa zipo, ila ushahidi wake ni mwembamba kuliko ningependa. Iliyoonyesha dalili nzuri ni naltreksoni, dawa ambayo kazi yake kubwa ni kuwasaidia wanaoacha pombe na dawa za kulevya za jamii ya afyuni. Inaziba ile milango ya ubongo inayopokea utamu, kwa hiyo kuchukua kunakosa ladha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha mwaka 2009 jaribio la wiki 8 ambapo waliopewa naltreksoni walipungukiwa na hamu na vitendo vya kuiba kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini walikuwa watu 25 tu. Ni dawa ya kuandikiwa na kufuatiliwa na daktari: ini hupimwa, na haichanganywi na tramadoli, mofini wala methadoni. Usimruhusu mtu yeyote akuuzie dukani. Dawa za sonona nazo hutolewa, na zina maana kubwa pale mtu anapokuwa na sonona au wasiwasi pamoja na hili, jambo ambalo ni la kawaida sana kwa wagonjwa hawa. Kwa msukumo wenyewe matokeo yake yamekuwa ya kigeugeu. Jaribio moja la mwaka 2007 la dawa ya jamii hiyo lilianza kwa matumaini, kisha waliobaki kwenye dawa hawakuonekana bora kuliko walioondolewa.

Wakati mnasubiri daktari, kuna ya kufanya nyumbani. Kaeni chini mkubaliane, yeye akiwa mshiriki. Kwenye shughuli aende na mtu anayejua, dada yake au wewe, na mkoba mkubwa ubaki nyumbani. Kipochi cha simu na nauli kinatosha. Sokoni Ngamiani aende na orodha, anunue, arudi, na siku asiyolala vizuri asiende. Awe na mtu wa kumpigia simu akisema neno moja tu mlilokubaliana, na mtu huyo aongee naye mpaka atoke mahali pale. Akiteleza, aseme siku hiyo hiyo, na wewe upokee bila kelele, kitu kirudi, maisha yaendelee. Hapa ndipo utakapochoka, nakwambia mapema. Kazi yako isiwe ya polisi. Ukianza kumpekua utamfundisha kuficha vizuri zaidi, na siri ndiyo nyumba ya ugonjwa huu.

Watoto: hakuna kitu kinachosema watarithi udokozi. Katika familia za wagonjwa hawa huonekana zaidi kidogo matatizo ya ulevi na ya wasiwasi, kwa hiyo tunachoweza kurithi ni wepesi fulani wa kuzidiwa na misukumo, na malezi yana nafasi kubwa hapo. Mtoto mdogo akichukua kalamu ya mwenzake usianze kumwangalia kwa jicho la mama yake. Wakubwa, kama wamesikia maneno ya harusini, waambiwe kwa lugha ya umri wao: mama ana ugonjwa, anatibiwa, vitu vya watu vinarudishwa.

Kaka yako na talaka yake: ndoa ni yako na mkeo, sitaiamua mimi. Nitasema tu kwamba uamuzi huo usiufanye katika miezi hii, kabla hajatibiwa hata siku moja, ukiwa bado na hasira ya kufichwa miaka yote. Hasira hiyo unayo haki nayo. Itafutie mahali pa kuizungumza, hata kwa mtaalamu yule yule.

Mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Ulizeni kliniki ya afya ya akili. Pale mapokezi hamhitaji kueleza wizi. Semeni "tumekuja kwa tatizo la msongo na kushindwa kujizuia", mengine yabaki chumba cha daktari. Mkeo aandike mwenyewe kabla ya kwenda: alianza lini, mara ngapi kwa mwezi, nini hutangulia, vipindi vya nafuu, dawa anazotumia, hedhi yake ikoje, kama aliwahi kuwa na sonona baada ya kujifungua. Aingie peke yake kwanza, wewe uitwe baadaye. Ikihitajika, mtapewa rufaa ya kwenda Muhimbili. Lutindi, kule Korogwe, nayo ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyozoea wagonjwa wa mkoa wenu tangu enzi za Wajerumani, kwa hiyo msidhani lazima kila kitu kiwe Dar es Salaam. Na mkimkuta mhudumu anayecheka au kushangaa, ombeni mwingine.

Jambo moja halisubiri miadi. Watu wenye ugonjwa huu, hasa wiki za mwanzo baada ya kugunduliwa, wamo katika hatari ya kujiua, na mkeo amegunduliwa mbele ya wazee na kisha mbele yako. Akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake, akikaa kimya asile wala asilale, au akiwaaga watoto kwa namna isiyo ya kawaida, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Toa ndani ya nyumba sumu ya panya, dawa za kuulia wadudu na vidonge vilivyobaki. Usimwache peke yake, na mpeleke Bombo usiku huo huo, idara ya dharura.

Kama hayo hayapo, basi nendeni wiki hii. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mwambie umeniandikia na nimekujibu nini. Msomee barua yote, hata sehemu zitakazomuuma.